Sista Polepole na Kifungu cha Tatu

Jina la Sista Polepole alipewa na wauguzi wenzake, na hawakulitoa kwa ubaya. Katika wodi ya watoto njiti, ambako mtoto mzima huenea kiganjani, polepole yake ilikuwa kinga. Kabla ya kuvuta dawa kwenye sindano alisoma lebo ya chupa, akasoma maagizo ya daktari, kisha akarudi kwenye lebo, midomo ikicheza kama mtu anayenong'ona dua. Walimtania kwamba siku akiandikiwa barua ya mapenzi ataanza na anwani na kumalizia na muhuri. Alicheka nao, akaendelea kusoma.

Ndiyo maana matokeo yalimchoma. Katika mtihani wa Kiingereza alifaulu kusikiliza, akafaulu kuandika, akafaulu kuzungumza. Alichoangukia ni kusoma.

Mtihani wenyewe haukuwa wa kujifurahisha. Wodini mwao kulikuwa na mashine mpya ya kuwasaidia watoto kupumua, imefunikwa shuka, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyesomea kuitumia. Hospitali ilipata nafasi moja ya muuguzi kwenda ng'ambo kujifunza kwa mwaka mzima, na chuo cha huko kilitaka uthibitisho wa Kiingereza. Metroni alimchagua yeye bila kupepesa macho.

"Nafasi itakusubiri mpaka mwisho wa mwaka," metroni alimwambia baada ya matokeo. "Baada ya hapo nitampa mwingine. Na wewe unajua kwamba hakuna mwingine."

"Nitarudia," alisema Sista Polepole.

Aliyeambiwa habari kamili ni bintiye, mwalimu wa Kiingereza ambaye bado aliishi nyumbani. Kulikuwa na vifungu vitatu virefu na saa moja tu. Cha kwanza, kuhusu utengenezaji wa vioo, alikisoma kama anavyosoma faili la mgonjwa, neno kwa neno. Alipofika katikati ya cha pili, muda ulikuwa umekwisha.

"Cha tatu mpaka leo sijui kilihusu nini," alisema. "Huenda kilikuwa kizuri."

Binti hakucheka. "Kuanzia kesho, Mama. Ukitoka zamu tu, tunakaa hapa mezani."

Siku ya kwanza alimletea kifungu kuhusu nyuki, akakifunika kwa daftari. "Usikisome. Anza na maswali."

"Niulizwe kitu ambacho sijakisoma?"

"Ujue unachotafuta kabla hujatafuta. Mtu aliyepoteza ufunguo haanzi kukagua nyumba tofali kwa tofali."

Pembeni, mama mkwe wa Sista Polepole alikuwa akichambua maharage. Kimya kilimshinda. "Haraka haraka haina baraka," alisema. "Mkwe wangu, soma taratibu."

"Bibi," binti alimjibu, "mtihani huu umeficha baraka zake kwenye haraka."

"Basi walioutunga hawakulelewa," alisema bibi, akatupa kokoto nje ya ungo.

Wiki zilikwenda. Kasi iliongezeka kidogo, kisha ikagoma. Mbaya zaidi yalikuwa yale maswali ya kupewa sentensi na kuamua kama ni kweli, si kweli, au haikutajwa. Jioni moja kifungu kilihusu usingizi wa watoto wachanga, na Sista Polepole akajaza majibu kwa raha, maana hapo alikuwa nyumbani kwake. Binti alisahihisha, kalamu nyekundu ikaenda kushoto na kulia.

"Hili ulilosema ni kweli, jibu lake ni haikutajwa."

"Lakini ni kweli. Naliona kila siku."

"Ni kweli, ila hapa halijaandikwa."

"Kwa hiyo nijifanye sijui?"

"Kwa saa moja tu, Mama. Usijibu kwa unachokijua, jibu kwa walichokiandika."

"Na hili?"

"Hilo nalo halijatajwa. Mama, tumerudia hili mara ngapi? Hata watoto wa darasa langu wamelielewa."

Neno likishatoka halirudi. Bibi aliacha kuchambua. Sista Polepole alifunga kitabu, akakisukuma upande wa pili wa meza.

"Watoto wa darasa lako," alisema kwa sauti ya chini, "hawajakubadilisha nepi."

Kuanzia siku hiyo alijisomea peke yake. Hakuna aliyemsikia akilalamika, wala aliyemsikia akiomba msaada. Saa ya chakula cha mchana aliingia chumba cha kubadilishia nguo, akakaa kwenye benchi kati ya makabati, akatega saa ya simu, akainamia karatasi. Saa ililia, kifungu cha tatu hakijaguswa. Kesho yake ikalia tena. Muuguzi mmoja aliyekuja kuchukua viatu vyake alimwonea huruma, akamwambia apumzike.

"Nitapumzika nikifika mwisho," alimjibu, na hakuinua kichwa.

Jibu lilimjia akiwa kazini, hana karatasi mkononi. Alikuwa anapokea zamu ya asubuhi. Alisimama mlangoni mwa wodi kama alivyosimama miaka nenda miaka rudi, na kabla hajashika faili lolote macho yake yalikuwa yamekwishapita juu ya vitanda vyote: huyu rangi yake nzuri, huyu amelala, yule wa dirishani kifua kinaingia ndani kupita kiasi. Miguu ikamwelekea yule wa dirishani yenyewe. Alimnyanyua kidevu, akamsafisha pua, akarekebisha mpira wa hewa, na mtoto alipotulia ndipo alipofungua faili na kulisoma neno kwa neno, kama kawaida yake.

Akabaki ameshika faili lile, anajishangaa. Kumbe alikuwa hasomi vitanda vyote kwa zamu. Angefanya hivyo, yule wa dirishani angemfia mikononi akiwa bado anamkagua wa mlangoni. Alipita kwanza, akasimama panapohitaji kusimama.

Mchana kwenye benchi alisoma maswali, kisha akapitisha macho kwenye kifungu kizima akitazama sura ya kila aya, sentensi ya kwanza tu, kama anayetazama rangi ya mtoto. Palipokuwa na jibu, alitua, na hapo alisoma polepole kwa haki yake yote. Saa ilipolia alikuwa amejibu swali la mwisho. Kifungu cha tatu kilihusu chumvi. Hakikuwa kizuri hata kidogo, na hakuwahi kufurahia kusoma kitu namna ile.

Jioni alirudisha kitabu mezani mbele ya bintiye.

"Nilikukosea adabu, Mama," binti alianza.

"Ulinikosea. Na ulikuwa umesema sawa. Leta yale ya haikutajwa."

Kulikuwa na jambo jingine lililomkaa Sista Polepole rohoni. Mume wake alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, mtu wa maneno machache. Tangu habari ya safari ianze hakuwa amesema lolote, na yeye aliuchukua ukimya ule kuwa ni kukataa. Mashoga zake walikuwa wamemwambia hivyo hivyo: mwanamume akinyamaza, ujue hapendi. Jumapili moja, mume alipokuwa akipaka grisi kitasa cha mlango, alimfuata.

"Baba Watoto, hutaki niende?"

Mume alifuta mikono. "Nani kasema sitaki?"

"Hujasema unataka."

"Hujaniuliza." Akakizungusha kitasa mara mbili tatu. "Naogopa. Mwaka ni mrefu na nyumba itapwaya. Lakini nikilala nawaza wale watoto na ile mashine. Nenda."

Mume akarudia kitasa chake. Yeye naye aliingia ndani, na siku ile alisoma kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni.

Siku ya mtihani chumba kilijaa vijana ambao angeweza kuwazaa wote. Alikaa mbele ya kompyuta yake. Kifungu cha kwanza alikipita vizuri. Cha pili kilimkwamisha kwenye maneno ya ufundi wa madaraja. Akaliacha swali moja na kusonga. Alipofungua cha tatu, alikuta kinahusu watoto njiti kupatiwa joto kifuani mwa mama. Na sentensi moja kwenye maswali ilisema njia hiyo hupunguza maambukizi.

Alijua. Alikuwa ameona kwa macho yake, chini ya mikono yake. Alikipekua kifungu juu na chini. Waliandika kuhusu joto, kuhusu uzito, kuhusu maziwa ya mama. Kuhusu maambukizi hawakuandika kitu. Kidole kilisita juu ya "kweli" kama kidole kinachokana ndugu. Kisha akabonyeza "haikutajwa", akaenda kwenye lile la madaraja alilolikimbia.

Matokeo yalipotoka, binti aliyafungua kwenye simu mbele ya familia nzima. Kusoma: nusu alama juu ya kiwango kilichotakiwa. Bibi aliuliza kama nusu inatosha. Binti alimwambia inatosha na kubaki. Metroni, alipopigiwa, alisema tu, "Anza kufunga mizigo."

Jioni ile mume aliingia jikoni bila kuitwa, akaomba aonyeshwe kupika wali, kwa kuwa bintiye ana kazi za shule na mama yake hawezi tena kusimama muda mrefu. Sista Polepole alimwelekeza akiwa amekaa kwenye kigoda: maji kiasi gani, moto upunguzwe lini, sufuria isifunuliwe ovyo. Aliifunua ovyo. Wali ukaiva juu, ukaungua chini, na katikati ukabaki na kiini. Walikula mkate na chai. Kesho yake, kabla hata hajavua nguo za kazi, mume aliosha mchele na kuubandika upya.