Ruhusa ya Siku Saba

Nyumba ya Nesi Ikupa na zahanati vilitenganishwa na ukuta mmoja wa tofali za kuchoma, na ukuta huo haukuwahi kutenganisha chochote. Fundi aliyejenga alijisifu kwamba ameokoa tofali. Sawa, tofali aliziokoa. Mgonjwa akikohoa kitandani, Ikupa alimsikia huku ana tonge mdomoni. Zahanati ilikuwa na mlango wake wa mbele, na juu ya mlango ubao ambao Ikupa aliuandika mwenyewe kwa rangi nyeupe: saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Watu wa kijiji kile cha bondeni, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Msangano, waliusoma, wakausifu mwandiko, kisha wakazunguka nyuma na kupiga hodi jikoni.

Na hodi haikataliwi. Wapo watakaosema Ikupa alijitakia, angefunga mlango wake akalala. Wajaribu wao. Mama amesimama kizingitini, mtoto begani macho yamegeuka, amesema hodi kwa adabu zote, halafu wewe umjibu kwamba saa tisa imepita.

Alikuwa Mndali wa Isongole, mtoto wa Enesi, mwenye miaka thelathini na tisa. Aliteremka bondeni mwaka themanini na sita na sanduku moja la bati, akaambiwa atakaa miaka miwili. Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na saba, na nusu ya watoto wa shule ya msingi walikuwa wamepokelewa kwa mikono yake, wa Wanamwanga aliowakuta na wa Wasukuma walioshuka na ng'ombe wao baadaye. Mumewe, Enoka, alifanya kazi ya kupakia malori pale Tunduma mpakani. Mwanzoni alikuja kila mwisho wa mwezi. Mara ya mwisho alikaa siku mbili, akamwona mkewe mezani kwa muda usiozidi nusu saa, akafunga begi. "Mimi nilioa mke," alisema. "Sikuoa zahanati." Hakurudi tena, na Ikupa hakupata hata siku moja ya kumfuata.

Binti yao Loisi, mwenye miaka tisa, alibaki na mama, akajitafutia njia yake. Mchana alichukua daftari la shule, akaketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa walioshika madaftari yao ya matibabu, akasogea kila mmoja aliposogea. Zamu yake ilipofika aliingia, akasimama mbele ya meza. "Mama, hesabu ya sita siielewi." Mara ya kwanza Ikupa alicheka sana. Jioni alimsimulia Justina, mfagizi wa zahanati, akidhani ni kichekesho, na katikati ya masimulizi akaona Justina hacheki. Aliona haya kubwa, haya ya kuona mtoto wa tumbo lake amepanga foleni ili amwone.

Barua ya kwanza ililetwa na dereva wa lori mwezi wa pili. Ilitoka kwa kaka yake Asajile, aliyekuwa akiishi na mama yao. Mama amevimba miguu, aliandika, ugali haushuki, na pumzi inakatika akitembea hadi uani. "Haulizi mtu mwingine. Gari likipita anauliza kama umeshuka."

Ikupa aliomba ruhusa kwa msimamizi wake, Bwana Hezron, aliyekaa juu milimani kwenye ofisi yenye zahanati saba na wauguzi watano. Hezron hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka hujibu kwa kanuni. Aliandika kwamba hakuna wa kumshikia nafasi, asubiri mwezi wa nane. Barua ya pili ya Asajile ilipokuja, Ikupa alipanda mwenyewe hadi ofisini, akaketi mbele ya Hezron akiwa na vumbi hadi kwenye kope.

"Nesi, kuuguza hakumo kwenye kanuni," Hezron alisema. "Kama ni msiba, hapo sawa, tunatoa siku saba. Mgonjwa si ana ndugu wa kumwangalia?"

"Ananiita mimi."

"Mwezi wa nane, Nesi. Nakuahidi."

Ujumbe wa tatu, mwezi wa tano, haukuwa barua. Dereva yuleyule alisimamisha lori, hakuzima injini, akasema kwa kupitia dirishani: bibi hajainuka siku tatu, kaka yako amesema ukichelewa usimlaumu mtu.

Siku hiyo Ikupa alizalisha mmoja, akafunga vidonda vinne, akapima watoto uzito. Kisha alichukua kalamu ya zahanati na karatasi ya zahanati, akaandika: "Nasikitika kukuarifu kuwa mama yangu mzazi amefariki dunia." Hakufuta hata neno moja. Hilo lilimtisha kuliko maneno yenyewe. Alimpa karatasi mleta chanjo aliyekuwa akirudi juu kwa pikipiki, na pikipiki ilipopotea kwenye kona alitaka kuikimbilia. Kwao Isongole mtu hatamki kifo cha aliye hai. Ukimtamkia umekiita.

Jibu lilifika kesho yake saa nne asubuhi, pamoja na muuguzi wa kumshikia nafasi, msichana mwenye begi jipya, aliyekaa nyuma ya pikipiki. Aliyekosekana tangu mwezi wa pili alipatikana katika usiku mmoja. Ikupa alimtazama yule msichana akishuka, akajipangusa mikono kwenye aproni, na hasira iliyompanda ilikuwa kali hata akashindwa kumkaribisha. Siku saba, barua ilisema. Na pole nyingi.

Alitaka kuondoka kimyakimya na lori la mchana. Lakini mleta chanjo ana mdomo, na habari ya msiba haikai kwenye mfuko wa mtu. Kabla hajafunga begi, wanawake walikuwa wamejaa uani, wametandika mikeka, kila mmoja na kisonzo chake, kikapu kidogo kilichojaa unga. Kuni zilikuwa zikitupwa chini mzigo baada ya mzigo. Loisi alitolewa shuleni, akaja mbio akilia, "Bibi, bibi," akamkumbatia mama yake kiunoni, na Ikupa akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Angemwambia nini? Mtoto wa miaka tisa hawezi kubebeshwa siri ya namna hiyo katikati ya wanawake hamsini. Akamwacha alie. Katika yote aliyoyafanya siku ile, hilo ndilo hakuweza kujisamehe.

Mwenyekiti wa kijiji, Balthazar, alisimama, akavua kofia.

"Nesi wetu hajawahi kutuacha," alisema. "Nasi hatumwachi akazike peke yake. Kijiji kimechagua watu watatu."

Hapo ndipo Ikupa alipoisikia ardhi ikimkimbia. Alikuwa amesahau. Miaka kumi na moja aliishi na watu hawa, akaona jinsi wanavyomsindikiza mfiwa hadi kwao, hata kama kwao ni siku mbili njiani, na hakulifikiria alipoandika ile karatasi. Alidhani anaidanganya ofisi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kitakachomuumbua anayeficha uzima.

"Ni mbali mno," alisema. "Isongole ni mbali. Msijisumbue."

"Uchungu huo," wanawake waliambizana. "Hata hajui anasema nini."

Watatu hao walikuwa Balthazar mwenyewe. Ngusa, mfugaji wa Kisukuma aliyekuja na beberu amemshika kamba. Na Mama Shani, mjane mwenye sauti ambayo hakuna maiti wa bondeni aliyezikwa bila yake. Mama Shani alikumbatia kifurushi cha khaki. Ndani yake mlikuwa na sanda, kitambaa cheupe kipya ambacho kijiji kilichangia asubuhi ileile.

"Nesi, wewe ulizalisha wanangu wanne," Ngusa alisema, akiangalia chini kama mtu anayeomba radhi. "Mke wangu alikuwa anakufa, ukamrudisha. Beberu huyu ni kitu kidogo."

Angeweza kusema pale pale. Alilifikiria. Lakini kusema ni kurudisha siku saba, na msichana mwenye begi jipya kupanda tena pikipiki, na yeye kurudi kwenye meza huku mama anauliza kila gari. Akapanda lori. Akakaa juu ya magunia ya mpunga, Loisi amelala mapajani kwa kuchoka kulia, na sanda ya mama yake aliye hai iko kwenye magoti ya Mama Shani, imegusana na goti lake.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Wanaosema hivyo hawajatoka bondeni kwa lori la mpunga. Walilala Tunduma kwa jamaa ya Balthazar, asubuhi wakafika Mpemba kusubiri gari la kwenda Ileje, wilaya ya kwao. Njia nzima Ikupa aliomba. Kwanza aliomba amkute mama hai. Kisha, pale Mpemba, akamtazama Ngusa anavyomnywesha maji yule beberu kwa kiganja, na ombi jingine likapita moyoni kabla hajalizuia: kwamba mama awe ameshaondoka, msiba uwe msiba, asiaibike. Alipotambua anachokiomba alishuka kwenye kibaraza cha duka akatapika. Mtu gani huyu? Amekuwa mtu gani?

Mama Shani alimfuata na maji ya kusukutua.

"Mama Shani," Ikupa alisema. "Mimi mama yangu... sijamwona akiwa amekufa. Huenda hajafa."

Mama Shani alimpangusa mdomo kwa ncha ya kanga. "Kifo hakizoeleki, mwanangu. Mimi mume wangu niliendelea kumwekea chakula mwezi mzima." Akamshika mkono akamrudisha kwa wenzake.

Walifika Isongole mchana, jua limewaka. Na kama desturi ilivyo, wageni wa msiba hawaingii kimya. Gari lilipowashusha barabarani, hatua kama mia mbili kutoka nyumbani, Mama Shani alijifunga kanga ya pili kiunoni, akaweka mikono kichwani, na ile sauti ikatoka. Ikupa alisema, "Hapana, ngoja," lakini nani angemsikia. Loisi, aliyeshuka na usingizi, aliamshwa na kilio kile akalia naye. Balthazar alipokea kifurushi, kitambaa cheupe kikichungulia, akavua kofia. Ngusa alilia kimya, machozi yakishuka kwenye ndevu, akimburuta beberu.

Majirani walitoka migombani. Walimwona Ikupa, wakaona watu wageni, sanda na beberu, wakaelewa jambo moja tu: bibi Enesi amekata roho sasa hivi, naye binti amewahi kuijua habari. Wakaanza kulia nao. Asajile alikuwa shambani ng'ambo ya mto. Hapakuwa na mtu wa kusema vinginevyo isipokuwa Ikupa, na Ikupa alikuwa anakimbia.

Ndani mlikuwa na giza baada ya jua la nje. Mama yake alilala kwenye kitanda cha kamba kando ya jiko, amepungua hata kanga ilionekana imetandikwa juu ya kitanda kitupu. Macho yalikuwa wazi.

"Nani analiliwa?" aliuliza.

Ikupa alipiga magoti. Loisi, aliyemfuata nyuma, alisimama mlangoni, kilio kimemkatika, akimtazama bibi yake aliyemzika tangu jana.

"Wewe, mama," Ikupa alisema. "Niliwaambia umekufa. Ndipo wakaniruhusu."

Nje kilio kilikuwa kimepanda, na sauti ya Mama Shani ilikuwa juu ya zote, ikimsifu bibi Enesi ambaye hakuwahi kumwona.

"Wamekupa siku ngapi?"

"Saba. Mbili zimeishia njiani."

Mama alihesabu kwa vidole juu ya kanga, polepole, kama alivyohesabu zamani mafungu ya maharage. "Ningejua kwamba ndivyo wanavyokuachia," alisema, "ningekufa tangu mwezi wa pili."

Ikupa hakuwa amelia tangu bondeni, hata uani mbele ya wanawake hamsini waliosubiri alie. Sasa alilia, uso kwenye miguu ile iliyovimba, alilia kwa sauti asiyoijua. Nje walimsikia. Wakajibu kwa kilio kikubwa zaidi, kwa maana sasa binti ameuona mwili. Aliinuka kwenda kuwaambia, akijipangusa, lakini mkono wa mama ulimshika gauni, na haukuwa na nguvu ya kumshika hata kuku.

"Usitoke," mama alisema. "Wakijua mimi ni mzima watakuita urudi. Kaa kwanza." Akamtazama Loisi pale mlangoni. "Na wewe ingia. Funga mlango."

Loisi alifunga mlango, akaja akaketi upande wa pili wa kitanda, bila kupanga foleni. Wakakaa watatu. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja hapakuwa na mtu wa kumpigia Ikupa hodi. Uani, Balthazar alikuwa akiwauliza wenyeji kwa heshima kaburi linachimbwa upande gani, ili naye ashike jembe.