Fungu la Mgeni

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mkusanya bei. Kila mwezi nilitoka Masasi na fomu na mizani ndogo ya kuning'iniza, nikapanda hadi soko la Newala. Kwenye mafunzo tulisisitiziwa kwamba nchi zote zipime kwa namna moja: bidhaa ileile, muuzaji yuleyule, bei ya kilo. Ndipo mfumuko wa bei wa kwetu ungeweza kulinganishwa na wa wengine. Nilitembea kifua mbele, nakiri.

Sokoni hakuna aliyeuza makopa kwa kilo. Muhogo huo mkavu huuzwa kwa mafungu, fungu shilingi elfu moja, na mambo yakiwa magumu elfu haiguswi, fungu ndilo linalopungua. Hilo nililijua. Kwa hiyo nilinunua fungu, nikalipima, nikapiga hesabu. Mwezi baada ya mwezi uzito ulikuwa uleule, nami nikaandika kuwa bei haijapanda.

Mama yangu aliishi peke yake hapo hapo Newala, nami nilimwachia fedha za chakula kila nilipopita. Siku moja alisema makopa hayamtoshi tena.

"Mama, bei haijapanda. Mimi ndiye ninayepima."

Akazifunga fedha kwenye pindo la kanga. Nilimwona akikonda, akipika mara moja tu kwa siku, nikasema ni uzee.

Miezi ikapita. Siku nyingine nikakuta jikoni fungu alilonunua asubuhi ileile, kwa muuzaji wangu yuleyule. Nikalipima kwa ubishi tu. Lilikuwa karibu nusu ya langu la siku hiyo. Nilirudi sokoni kwa hasira, nikamwekea yule binti muuzaji mafungu yote mawili mbele.

"Shikamoo, mama," alisema, akainamisha macho. "Wewe mgeni wetu. Unatoka Masasi na jua lote hili, halafu nikuwekee fungu kavu, bila nyongeza, kwenye mizani? Nitaonekanaje? Mafungu yakipungua, nyongeza yako naizidisha."

Nyongeza ile niliiona kila mara. Nilidhani wote wanapewa hivyo. Nilishindwa hata kumfokea, kwa kuwa alinitendea kama alivyofunzwa kwao.

Nikarudi kwa mama, nikamuuliza tangu lini anakula mlo mmoja kwa siku.

"Tangu uliponiambia bei haijapanda," alisema. "Nikajua basi ni mimi ninayekula sana."