Mama Alivyogoma Kunywa Chai

Kosa lilikuwa langu, na mpaka leo mama huwakumbusha watu hivyo bila kuombwa.

Mama ni fundi wa nguo hapa Dandora. Baridi yabisi ilipomshika vidole, daktari alimwanzishia sindano ya kila wiki mbili. Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa karibuni katika maabara inayotafuta namna ya kufanya dawa za aina hiyo zidumu mwilini. Basi nikajiona profesa. Jioni moja nikashika chujio la chai nikampa somo: dawa yako ni kipande tu cha kingamwili, na kwa udogo wake figo hukichuja zikakitupa kwenye mkojo. Ndiyo maana hushonewa mkia mrefu, au sisi hukifunga kwenye protini kubwa ya damu, kisipenye tundu za chujio.

Alinisikiliza kwa adabu iliyonitia wasiwasi.

"Kwa hivyo dawa yangu inaishia chooni?"

"Mwishowe, ndiyo."

Kesho yake akaacha chai. Maji pia, isipokuwa funda moja la kumezea tembe zake za maumivu. Sababu hakusema. Katika ploti yetu ya nyumba za kupanga, mtu kuacha chai ni habari kubwa kuliko kuacha mume. Jirani wa kulia alisema mama amejiunga na kanisa linalokataza majani ya chai. Wa kushoto alisema ana mimba, na umri wake ule! Mimi mtaalamu nilishikamana na habari ya kanisa, hata nikamuuliza anabatizwa lini.

Jumapili chama cha akina mama kilikutana kwa huyo jirani wa kushoto. Mama akakataa kikombe. Akaongezewa sukari, akakataa tena. Wenzake wakaanza kuweka vikombe chini, mmoja mmoja.

"Kwani chai yangu iko na nini?" mwenyeji akauliza.

Kwetu, kukataa chai ya mtu mbele ya watu ni kumwita mchawi kwa heshima. Mama akainuka ajieleze, kizunguzungu kikamkamata, akaketi juu ya sinia la mandazi.

Niliitwa, nikamkimbiza kliniki. Alipokiri kwamba aliogopa kuikojoa dawa, muuguzi alimpa maji na maneno makali: kiu haibakishi dawa mwilini, inaumiza figo tu.

"Nani alikudanganya hivi?"

Mama akanielekeza kwa kidevu.

Njiani kurudi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka.

"Wiki ya kwanza baada ya sindano niko sawa," alisema. "Ya pili hata vifungo vya blauzi yangu vinanishinda. Mimi, fundi! Nilitaka tu siku mbili tatu za ziada."

Kicheko kilinikauka. Miezi yote ya sindano hizo alikuwa akivaa fulana za kupitisha kichwani, zisizo na vifungo, nami nikimtania kwamba anajifanya kijana. Kazini nilijua kusema, kwa hesabu ya saa, kipande cha dawa kinadumu muda gani kwenye damu. Nyumbani sikujua kitu. Niliona aibu, nikamwambia hivyo palepale barabarani, naye akasema nipunguze sauti, watu wanatuangalia.

Wiki ya pili ilipofika nilimtolea blauzi yake ya kijani, nikaanza kumfunga vifungo. Alisimama wima, akanyanyua kidevu, akanikosoa kila kifungo. Kazini nilifika nimechelewa.