Maneno Meupe Katika Wasifu wa Marehemu

Miaka michache iliyopita nilikuwa naendesha saiba ndogo mjini Kisii, duka la kompyuta ambako watu wanapiga picha za vitambulisho, wanachapa barua za kuomba kazi na, zaidi ya yote, programu za mazishi. Duka lilikuwa la mama mmoja mkali. Simu ya kazi tuliishika kwa zamu, na hakuna ujumbe ulioingia humo asiousoma. Simu yangu mwenyewe, nikifika nyumbani jioni upande wa Nyamira, wadogo zangu walikuwa wananipokonya kabla sijavua viatu.

Kwa hiyo mimi na kijana niliyependana naye tulizungumza kwenye mitihani.

Alikuwa karani wa shule moja ya sekondari huko Marani, na kazi za shule yao zilikuja kwangu kuchapwa. Yeye Mkatoliki, mimi binti wa mzee wa kanisa la Wasabato. Hatukuwa na haraka ya kumwambia mtu. Yeye ndiye aliyenifundisha. Unaandika maneno yako ndani ya faili, kisha unayapa rangi nyeupe. Juu ya ukurasa mweupe hayaonekani, na printa haina wino mweupe, kwa hiyo hata kwenye karatasi hayatoki. Anayejua yalipo anaburuta mausi hapo, na maneno yanajitokeza.

Mtihani wa jiografia ulikuja na maneno chini ya swali la mwisho: *Leo umesuka vizuri.* Nikamrudishia ukiwa umesahihishwa, na chini yake: *Kula, umekonda.* Mambo yetu yalikuwa ya namna hiyo, na nilikuwa na furaha nayo.

Kisha akafariki mwalimu mkuu mstaafu wa shule ile. Alikuwa jirani yetu, shamba lake la chai limepakana na la baba. Karani akapewa kazi ya kuandika wasifu, akanitumia niupange. Faili ikaenda ikarudi, na kila ikirudi ilikuwa na neno lake, nami nikaweka langu. La mwisho nililiweka kati ya aya ya kazi za marehemu na aya ya familia yake. Nilichapa programu kwenye karatasi ya kung'aa, zikatoka safi kabisa. Naye akaituma faili ileile kwa kamati ya mazishi.

Huko kwenye kamati mtu mmoja mwenye nia njema akanakili wasifu wote na kuubandika kwenye kundi la Wasap la familia, ili watoto walio ng'ambo wausome. Maneno yakinakiliwa hivyo hupoteza rangi yake. Yangu yakawa meusi kama ya wengine. Hakuna aliyeyaona, nani husoma wasifu mpaka mwisho?

Siku ya mazishi nilikuwa nimesimama na akina mama waliokuwa wakigawa maji. Baba alikuwa ameketi mbele na wazee wenzake. Kazi ya kusoma alipewa shemeji wa marehemu, naye mwalimu mstaafu. Herufi za programu zilimshinda kwa udogo, akatoa simu, akafungua wasifu wa kwenye kundi, akazikuza, akaanza kusoma kwa ile sauti ya darasani, akizingatia kila nukta.

"Alistaafu kwa heshima, akarudi nyumbani kulima majani chai. Mpenzi, usihofu kuhusu mzee wangu. Huyo akianza kuomba huwa amesinzia kabla ya amina. Alhamisi bosi ana kikao cha chama chao cha akina mama, duka litakuwa letu. Marehemu ameacha mjane na watoto sita."

Kijana mmoja aliyeegemea mlingoti wa hema alicheka kwa pua. Msomaji akavua miwani, akaitazama simu.

"Hapa kuna nini?"

Mwendesha shughuli akachukua kipaza sauti. "Nani ameandika hii?"

Karani akasimama. Alikuwa amevaa suti nyeusi, na hata wakati ule niliona ilivyomkaa vizuri. "Mimi niliandika maisha ya mwalimu peke yake," akasema. "Hayo mengine yameingizwa huko ilikochapwa."

Hakunitazama. Jina la duka lilikuwa nyuma ya kila programu, na kijiji kizima kilijua ninakofanya kazi. Vichwa vikageuka. Nilikuwa na chupa mbili za maji mkononi, nikamnyooshea mtu ambaye hakuwepo. Nilitamani mtu anitukane, ili angalau pawe na kelele.

Ndipo baba akasimama. Hakuna aliyemwita. Alichukua kipaza sauti, akamgeukia mjane.

"Mama, huyo ni msichana wangu," akasema. "Na huyo mzee anayesinzia ni mimi. Tusamehe."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mjane aliinua uso, akasema kwa Kikisii, "Msomeni mtu wangu mmalize. Mawingu yale mnayaona."

Wakamsoma mpaka mwisho.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, baba na mimi, mvua ikianza kudondoka.

"Ni yule wa suti?" akauliza.

"Ni yeye, tata."

"Alijua ni maneno yako?"

"Alijua."

Tukapita shamba la chai la marehemu. Kisha akasema, "Kwamba ni Mkatoliki, hilo lingezungumzika. Lakini ule mdomo ulioongea pale hautaingia kwangu."

Wiki iliyofuata mtihani wa hesabu uliletwa, na ndani yake karani alikuwa amenieleza kwamba pale mazishini mkuu wa shule alikuwa ameketi nyuma yake, na kwamba aliogopea kazi. Nilimwamini. Najua mtu akiogopa anavyokuwa. Nikayafuta maneno yake, nikachapa mtihani, na muhula uliofuata shule ikatafuta saiba nyingine. Bosi wangu alicheka hadi machozi, kisha akaninunia mwezi mzima kwa sababu ya ile Alhamisi.

Hayo yote niliyabeba. Yaliyonishinda yalikuwa ya kanisani. Sabato ya kwanza baada ya mazishi ilikuwa zamu ya baba kuhubiri. Alimwomba mzee mwenzake amshikie, akasema sauti yake ina shida. Sauti yake haikuwa na shida yoyote. Tuliketi pamoja viti vya nyuma, ambako sikuwa nimewahi kumwona akiketi. Wakati wa maombi nilifumbua macho, nikaona watu wawili watatu wamegeuza shingo kumchungulia. Alikuwa amekaa wima, macho wazi kabisa, mikono juu ya magoti, kama mwanafunzi aliyekaripiwa. Mtu wa umri wake. Nilifumba tena macho, na sikuweza kuomba.

Sijaolewa bado, na saiba niliiacha. Siku moja tukichuma chai nilijaribu kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi.

"Tata, siku ile ya mazishi..."

Hakuinua kichwa. "Unaacha majani machanga," akasema. "Rudi nyuma uchume vizuri."

Nikarudi nyuma.