Telekomande za Waliokimbia

Fundi wa telekomande za kufungulia magari pale Mudzipela alikuwa na kiti, lakini Débora, aliyeuza mafuta ya taa kando yake, hakuwahi kumwona akikikalia. Alitengeneza amesimama, mfuko wa vyombo begani, macho barabarani. Risasi zikilia, vidole vyake vilizidi tu kukimbia. Kila asubuhi alitoa katika mfuko wa kushoto wa koti telekomande walizomwachia watu waliokimbilia Mambasa, akaonja betri kwa ncha ya ulimi kuona kama zingali na chaji, akazipangusa, akazirudisha. "Kwani beko na motokari tena?" Débora alimuuliza kuhusu waliokimbia.

Siku mwanamgambo alipoleta gari ambalo alamu yake ilipiga kelele njia nzima, Débora alilitambua: la kaka yake Vital, aliyemwachia fundi telekomande yake akakimbia kwa miguu. "Ifundishe ijue hii yangu," mtu yule aliagiza, akimtupia telekomande mpya. "Ingine yote isahau." Fundi akainama chini ya usukani. Alamu ile hukumbuka tu telekomande zinazobonyezwa wakati inapofundishwa, na kila inapoikubali moja hulia. Mkono wa kulia ukabonyeza ile mpya, alamu ikalia. Mkono wa kushoto ulikuwa umezama mfukoni. Ikalia tena.

"Juu ya nini imelia mara mbili?"

"Inakusalimia, chef."

Mwanamgambo akacheka, akaondoka na gari. Fundi akavuta kiti, akakikalia.

"Vital akirudia," akamwambia Débora, "motokari itamujua."