Nanjala Hakupewa Mahari

Nilifunga safari kwa sababu ya jina moja, na niseme ukweli, niliifunga kwa hasira. Mimi ni Rehema, mwalimu wa Kiswahili hapa Kitale, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika riwaya. Ndani yake mna mama mlafi anayemnyang'anya hata mtoto kipande cha muhogo. Nilimwita Nanjala, kwa kuwa orodha yangu ya majina ilisema linatokana na njaa. Mwenzangu shuleni, Wafula, aliusoma mswada akaurudisha mezani bila neno la sifa.

"Hilo jina ni la mama mkubwa, dada ya mamangu," akasema. "Kama hutalitoa, nenda Matulo umwambie mamangu mwenyewe."

Mhariri alikuwa anausubiri mswada Jumatatu. Nikasema nitakwenda, na jina nitarudi nalo.

Jumamosi asubuhi nilipitia Matisi, kwa kinyozi ambaye huniokotea maneno ya mjini.

"Niaje, madam. Umekuja kuchota msamiati?"

"Njaa mnaiitaje siku hizi?"

"Si ubao. Ukiwa na ubao, hujadishi, hujala."

Nikamwambia ubao wangu mimi ni wa kuandikia, nikamtajia na Nanjala wa riwaya. Akacheka, kisha akaniambia basi Nanjala wangu ni Mama Ubao, bana. Nikaliandika hilo pia, nikazidi kuona kwamba haki ni yangu.

Saa nne jirani yangu wa Kibomet, aliyekuwa anapeleka miche ya parachichi Webuye, alinipa lifti katika pikapu yake. Kuanzia Kiminini hadi Misikhu nilikuwa nikipanga maneno: riwaya ni ubunifu, jina halina mwenyewe. Yalikuwa maneno mazuri na nilikusudia kuyasema yote.

Matulo nilifika saa sita. Mama yake Wafula, ambaye kila mtu humwita Kukhu, yaani nyanya, alikuwa anapukuchua maharagwe huku amempakata mtoto mchanga.

"Kalibu, mwalimu Lehema. Wafula alipiga simu. Ati unatafuta dada yangu."

"Natafuta jina tu, Kukhu."

"Si ni kitu moja."

Nikatoa daftari. Akaanza kusimulia bila kuacha maharagwe. "Alizaliwa wakati ya njaa, ndiyo. Akaolewa. Bwana akamfukuza, akarudi kwetu, boma hiyo ya jirani. Hakupewa mahari."

Mahari hutolewa, nikajiambia, na kalamu yangu ikamsahihishia kitenzi kama ninavyowafanyia wanafunzi. Nikaandika: hakutolewa mahari.

"Nisomee," akasema Kukhu.

Nikamsomea. Mikono yake ikatulia juu ya ungo.

"Ng'ombe zilitoka zote, mwalimu, hata ile ya mjomba. Mimi nasema mahari. Mahari ya kukaa."

Hapo nikaona aibu, nikaufuta ule mstari wangu. Hakupewa mahali. Ndugu zake walisema binti aliyekwisha olewa hana shamba kwao, akaishi kwa kulala katika majiko ya watu hadi kifo chake. Kaburi lake Kukhu alinionyesha kwa kidevu, lile pale, nje ya ua wao.

"Na njaa ilirudi tena, sisi tukiwa na watoto," akaendelea. "Ni yeye alikuwa anatembea kutafuta kunde. Anagawia watoto wetu wote, yeye anakunywa maji."

Kisha akamgeuza mtoto nimwone uso. Alikuwa binti wa Wafula, wa miezi miwili. Mwenzangu huyo hakuwa ameniambia hata jina lake.

"Huyu alilia siku tatu. Tukaita majina ya wazee wote walikufa, analia tu. Tukaita Nanjala, akanyonya. Sasa yeye ataenda shule. Atasoma hiyo kitabu yako."

Yale maneno ya Kiminini hayakutoka hata moja. Niliomba nimpakate mtoto, nikapewa, na niliumia moyoni kwa kila ukurasa niliouandika.

Alasiri Kukhu alinisindikiza hadi barabarani. "Sasa jina unatoa?" akauliza.

"Jina linabaki, Kukhu. Mtu ndiye nambadilisha."

Jumapili kutwa nilijifungia Kibomet nikaandika upya. Orodha ya majina itakuambia jina lina maana gani, lakini ni la nani, hilo inabidi ukaulize kwa miguu yako. Na mzee akisema, andika alivyosema. Kusahihisha kuna siku yake. Nanjala wa kitabu nikampa nyumba ya vyumba viwili, katikati ya boma, na mlango wa mbao. Mlafi sikumfuta, maana riwaya ingelala bila yeye.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kuutuma mswada, nilimpa Wafula. Alisoma sura nzima ya kwanza, akafuta macho kwa kiganja, akafunua ya pili. Halafu akainua kichwa.

"Huyu mlafi anaitwa Rehema."

"Hilo ni langu," nikamwambia. "Mwenyewe ameruhusu."