Nyani Hasomi Barua

Miaka ile ya ruksa, kila mwenye mashine ya taipu Moshi mjini alijiona wakili. Mimi nilikuwa nayo, pamoja na kibanda karibu na stendi, na mdomo. Basi baba alipoteremka kutoka mlimani katikati ya wiki, anachechemea na fimbo yake, kavaa kofia ya kanisani, nikajua kuna jambo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Funga mlango. Wanataka kuchukua magobole."

Ujambazi ulikuwa umezidi barabara ya kwenda Holili, na wilaya ikaona dawa ni kukusanya bunduki zote za kienyeji, hata zenye kibali. Kijijini kwetu wenye vibali walikuwa wazee kumi na mmoja, na baba ndiye mwenyekiti wao. Juu kwenye kihamba, kati ya migomba na kahawa, gobole halina kazi. Kazi yake iko tambarare, kwenye mahindi, ambako nyani wakiingia alfajiri, saa nne unavuna mabua. Mahindi hayo ndiyo ugali wetu wa mwaka mzima. Baba ndiye aliyeyalinda, na kila nikienda nyumbani alitusimulia alivyowatimua nyani, hadithi inarefuka mwaka hadi mwaka.

"Afisa anakuja Jumamosi kwenye mkutano," akasema. "Tafuta maneno. Wewe ndiye uliyesoma."

Jamani, nilivyofurahi! Tangazo la wilaya lilisema nyani wakivamia, mkulima aandike barua. Nilicheka peke yangu hadi fundi cherehani wa jirani akaja kuchungulia kama nimepatwa na kitu. Kisha nikachukua shuka jeupe na rangi nyekundu, nikaandika kwa herufi za urefu wa mkono: NYANI HASOMI BARUA. Shuka la pili: GOBOLE SI JAMBAZI. La tatu lilinifanya nijipongeze kwa soda: MWENYE SHIBE HAMJUI MWENYE NYANI. Ningeweza kuuza khanga, wallahi.

Ijumaa nikapanda nyumbani kumsomea mama. Alikuwa anamenya ndizi. Akasema, "Mazuri," akaendelea kumenya. Nikamwomba asimame mkutanoni aseme kidogo, maana sauti ya mama huingia moyoni. "Niache mimi," akanijibu. Nikaona hajui siasa.

Hapo ndipo nikabuni lile lililozidi yote. Afisa alikuwa Mchagga mwenzetu, wa upande wa Machame, na Mchagga hakatai isale. Jani lile tunalopanda mipakani, ukimpelekea mtu, amekwisha, hana ujanja. Nikakata majani kumi na moja na kuwagawia wazee, kila mmoja na lake. Waliniangalia kwa mashaka, lakini nilikuwa na mashuka matatu na kidato cha nne, nani angebisha?

Jumamosi wakajipanga mbele ya meza, majani mkononi, mabango yanapepea juu yao. Afisa hakuyatazama mabango. Aliyatazama majani, akavua kofia taratibu.

"Nimepokea, wazee wangu," akasema. "Sasa niambieni. Mmekosa nini?"

Mama yangu wee! Anayeshika isale anaomba msamaha. Mtoto wa Kichagga anajua hilo kabla hajaota meno, na mimi katika wazimu wangu nilikumbuka tu kwamba halikataliwi. Huwezi kushika jani lile ukasema huna kosa. Wazee wakatazamana. Wa kwanza akakohoa, akasema yule mbuzi wa jirani hakuliwa na chui. "Kumbe!" ikatoka sauti nyuma. Wa pili alifyatua hewani kwenye kipaimara cha mwanawe, akaua taa ya kanisa. Umati ukaanguka kicheko. Mimi nilijifunika uso kwa shuka la nyani.

Ikafika zamu ya baba. Akaegemea fimbo.

"Gobole langu limekufa," akasema. "Halijatoa hata moshi misimu mitatu. Na goti langu halishuki tena tambarare. Anayelinda ni mke wangu. Nyani hawamwogopi mwanamke, kwa hiyo huvaa koti langu na kofia yangu, akabeba gobole begani. Mimi nawasimulia watoto kana kwamba ni mimi."

Afisa akamtafuta mama kwa macho. "Mama, na nyani hawajagundua?"

Mama akasimama. "Nakohoa kama yeye," akasema, akakohoa kikohozi cha baba, kile kile cha tumbaku, na watu wakalia kwa kucheka, afisa akiwa wa kwanza kupangusa macho.

Isale halikataliwi. Alisamehe yote, akaamua wenye vibali wabaki na magobole yao mpaka mavuno, kisha yakaguliwe. La baba akasema yeye hakuliona, aliona chuma tu.

Tukapanda nyumbani, baba mbele na fimbo yake, anapokea salamu kama bwana harusi. Nilikuwa nacheka bado, lakini roho ilinichoma. Nikamshika mama mkono.

"Mbona hukuniambia? Lile ndilo lingekuwa neno kubwa kuliko yote!"

"Najua," akasema mama. "Ungeliandika kwenye shuka."

Akanisubiri nikunje mabango vizuri.

"Lilikuwa la baba yako kulisema."